Aliyesimama Dakani

Kadi imo. Nimeipachika kwa mikono yangu,
nikasikia ule mlio mdogo, tak,
kama mtu anayefunga kijaluba.
Feni zake mbili zinazunguka,
zinanipulizia usoni vumbi la Langoni,
na bado programu inaandika,
kwa adabu ya karani aliyechoka:
Hakuna kadi ya michoro iliyopatikana.

Nimeusoma mstari huo mara saba.

Kadi yenyewe nimeuziwa na Shekuwe, aliyeitoa Mombasa
kwenye ofisi ya wachora ramani iliyofungwa.
Ilivuka kutoka Mokowe imeviringwa khanga,
ikapandishwa punda pale gatini,
na mwenye punda akauliza, "Ni mayai?"
Nikamwambia ni zaidi ya mayai.
Akatembea polepole. Mungu amlipe.

Sasa Lali, mtoto wa dada yangu, kakalia ndoo,
ananiuliza kompyuta inatafuta nini usiku kucha.
Nyota, namwambia. Nyota zisizowahi kuonwa,
zinazopepesa mbali kuliko hesabu ya mtu mmoja;
ndiyo maana hesabu imekatwa vipande,
kila nyumba duniani inayotaka ikapewa chake,
kama sinia za walima zinavyopelekwa kwa majirani.
Akafikiri.
"Inatafuta nyota,
na haioni kilichomo tumboni mwake?"
Nikamwambia anyamaze, anishikie tochi.

Nikaanza upya, kama anayetafuta pete.
Nikakiuliza kiini cha Linux: unaiona?
Kikanijibu kwa jina lake na namba yake: naiona.
Nikakiuliza kiendeshi: umeamka? Nimeamka.
Nikaandika amri kwa jina langu mwenyewe,
na kadi ikajitaja,
gigabaiti nne, joto nyuzi arubaini na moja.
Basi mimi naiona. Kiini kinaiona. Punda aliibeba.
Nani asiyeiona?

Saa sita na nusu usiku nikalifungua faili la huduma,
na hapo nikamkuta.
Programu haifanyi kazi kwa jina langu.
Ina mtumishi wake,
asiye na nenosiri, asiye na meza,
anayeamshwa mara mashine inapowaka,
kabla kiendeshi hakijanawa uso.
Huja, huchungulia, hukuta giza,
huandika "hakuna", kisha huketi.
Hatazami mara ya pili.
Na hata angetazama! Hayumo katika kundi la video,
na mlango wa kadi huwafungukia wa kundi hilo tu.

Nikaikumbuka nyumba ya bibi kule Mkomani:
daka, kisha kiwanda,
msana wa tini, msana wa yuu, ndipo ndani.
Muuza maziwa alikuja miaka kumi na mitano
asivuke daka.
Ungemuuliza nyumba ile ina nini, angeapa:
ina mlango, ina baraza mbili za mawe, basi.
Wala hangesema uongo.

Nikaandika amri mbili.
Moja ya kumtia kundini.
Moja ya kumwambia: ngoja, sekunde thelathini,
wenyeji waamke.
Nikazima. Nikawasha.
Lali alishalala mdomo wazi, tochi ikimulika boriti.

Kadi namba sifuri: imepatikana.

Sikupiga kelele, jirani ana mtoto mchanga.
Feni zikabadili sauti,
kama mtu aliyekuwa akiimba kwa puani
akayakumbuka maneno.
Joto hamsini na mbili. Sitini. Sitini na nane.
Paka wa uchochoroni akaingia, akalinusa kasha,
akajilaza juu yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikaenda kuitazama mita ya umeme.
Zimebaki yuniti tisa.
Sijui nyota moja hula ngapi.